Mlezi wa Wafuga Nyuki wa Mjimwema

Mtu akifariki mtaa wa Mfaranyaki, Songea, kabla hata turubai halijafungwa, kuna atakayeuliza, "Mama Leonce ameshaambiwa?" Jina lake la ubatizo ni Ida, Ida Mapunda, fundi cherehani mwenye kibanda kando ya njia ya kwenda sokoni. Lakini kilichompa jina si cherehani. Ida alikuwa mfariji. Jumuiya ya Mtakatifu Anna ilimfanya mwenyekiti wa kamati ya faraja, na kila uchaguzi ulipofika walimrudisha kwa vigelegele bila kupiga kura, maana hakuwapo wa kujitia aibu kwa kushindana naye. Akiingia msibani, wafiwa waliokataa uji tangu jana waliomba bakuli. Alijua nani wa kuambiwa pole moja akaachwa, na nani wa kushikwa mkono mpaka jua lizame. Majirani Waislamu nao walimwita. Huko aliiacha rozari nyumbani akaenda na Mwenyezi Mungu peke yake, ambaye anatosha pande zote mbili.

Ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba mfariji huyo, akitoka msibani, alikwenda kulala akiutazama ukuta.

Lilianza zamani, Leonce, mwanawe wa pekee, akiwa darasa la pili. Sasa Leonce yuko Dodoma na ana mke. Asubuhi moja Ida aliamka akakuta hamu ya kila kitu imeondoka bila kuaga. Hakuumwa kichwa wala tumbo. Chai ilikuwa chai, lakini haikuwa na habari. Alidhani ni uchovu, akangoja upite. Ukapita mwaka, uchovu ukabaki. Kuna miezi ulilegea, akashona, akacheka, akaona umekwisha. Kisha ukarudi kama mpangaji aliyekwenda kwao kusalimia tu.

Kilichomtesa zaidi ni kukosa sababu. Mume hakuwa mlevi. Mtoto alikuwa na afya. Nyumba ilikuwa na bati. Yeye, bingwa wa misiba ya watu, alikuwa na msiba usio na maiti, ambao hakuna wa kuuchimbia kaburi wala wa kuupikia ubwabwa. Angemwambia nani? Angeulizwa, "Umefiwa na nani?" Angejibu nini?

Basi akasema ana presha.

Presha ni ugonjwa wa heshima. Ukiwa nayo unaruhusiwa kulala mchana, kukataa wageni na kulia kidogo, na hakuna anayekuuliza umeipata wapi. Mumewe, Mathias, dereva wa lori la mahindi, aliiamini presha ile kwa moyo wote. Alikuwa mtu mwema, mnene, mcheshi, mwenye imani kwamba hakuna ugonjwa unaoweza kukaa nyumba moja na chakula kizuri. Kila safari ya Mbamba Bay alirudi na dagaa wa Nyasa. "Kula, Mama Leonce," alisema, akimsogezea sahani. "Presha haipendi tumbo lililoshiba." Ida alikula kwa ajili yake, na Mathias alihesabu kila tonge kuwa ni ushindi wake.

Wifi yake Ida hakuiamini. Yeye alisema ni mkono wa mtu, akampeleka kwa mganga mmoja ng'ambo ya mto. Mganga aliwaambia yuko jirani mwenye wivu. Ida aliyapitia maisha yake yote njiani wakati wa kurudi, hakuona cha kuonewa wivu, akazidi kuhuzunika.

Zahanati ndiko alikoumbuliwa. Alikwenda kuchukua dawa za presha, maana alikuwa amemwambia kila mtu kwamba anazitumia, na nesi Dorine, mwanamke mwenye sauti ya chini na macho yasiyo na haraka, akamfunga kile kitambaa cha mkononi, akapuliza, akasoma.

"Mama, presha yako ni nzuri kuliko yangu."

"Pima tena."

Dorine akapima tena. Ilikuwa nzuri vilevile. Hapo Ida akaanza kulia, kilio cha kutoka tumboni, mpaka Dorine akasimama akaufunga mlango. Pengine hakuwahi kuona mtu akilizwa na afya njema. Lakini presha ndiyo ilikuwa kisingizio cha mwisho cha Ida, na sasa kimechukuliwa na serikali.

Dorine hakumpa pole. Alimuuliza anavyolala, anavyokula, tangu lini, na kama kuna siku anawaza kutokuwepo. Kisha akampeleka kwa daktari, na daktari akautaja ugonjwa kwa jina lake: sonona. Ida alishangaa kwamba una jina. Kwa miaka yote ile alikuwa akidhani ni tabia.

Akapewa vidonge. Havikuwa na miujiza, wala hakuviacha. Baada ya wiki kadhaa vilimwinua kitandani na kumkalisha kwenye kiti. Ni hatua kubwa. Lakini hata kiti, ukikikalia kutwa nzima, ni kitanda chenye miguu mirefu.

"Kuna watu wenye hali kama yako," Dorine alimwambia siku aliyorudi. "Wanakutana Jumamosi mchana kule Mjimwema, kwa Mzee Bakili. Si madaktari. Ni mgonjwa na mgonjwa mwenzake."

"Wanafanya nini?"

"Wanakaa. Kila mtu anasema lake, wenzake wanasikiliza."

"Mimi kusema najua," Ida akajibu.

"Ndiyo ninachokiogopa," Dorine akasema. "Ukifika Mjimwema usiulize wagonjwa. Uliza wafuga nyuki."

Habari ya nyuki ilikuwa hivi. Bakili alikuwa mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru, Myao, mtu wa swala tano. Alihamia Songea akidhani ugonjwa wake utabaki Tunduru. Ukapanda basi pamoja naye. Alipoanza kuwakusanya wenzake uani kwake, mwenyekiti wa mtaa alikuja kuuliza ni mkutano gani huo wa wanaume na wanawake, Waislamu na Wakristo, wanaoingia wameinamisha vichwa na kutoka wana macho mekundu. Bakili, ambaye maisha yake yote hakuwahi kusema uongo, alishikwa na kigugumizi, na wakati huohuo nyuki mmoja akapita mbele ya uso wake. "Tunafuga nyuki," akasema. Mwenyekiti akafurahi sana. Alisema mtaa unahitaji ujasiriamali. Macho mekundu akayaelewa peke yake.

Basi Jumamosi Ida alivaa kitenge chake kizuri, akamwambia Mathias anakwenda kwenye kikundi cha nyuki, akapanda bodaboda. Mathias alifurahi kupita mwenyekiti. Asali, alisema, ni dawa ya presha.

Njia nzima Ida alijifunza sentensi moja. *Naitwa Ida, na mimi ni mgonjwa.* Aliisema kimoyomoyo kila bodaboda iliporuka tuta. Alipofika getini alikuwa ameishika vizuri kama mtoto wa komunio ya kwanza.

Uani palikuwa na jamvi, na watu kama saba wamekaa. Dorine, kwa kutunza siri za wagonjwa wake, alikuwa amemwambia Bakili neno moja tu: kuna mama atakuja. Na mama alipoingia, mtu wa kwanza kuinua kichwa alikuwa Mwalimu Kajetani, mstaafu wa shule ya msingi, muumini wa parokia ileile ya Ida, ambaye alikuwa amemwona akifanya kazi kwenye mazishi yasiyopungua kumi.

"Tumsifu Yesu Kristo!" Kajetani akaruka. "Mama Leonce! Jamani, mnamjua huyu? Huyu ndiye anayewainua waliolala! Dorine ametuletea mfariji!"

"Milele, amina," Ida akajibu. "Hapana, mwalimu, mimi…"

Lakini dada mmoja, Zena, muuza mitumba, alikuwa ameshasimama na machozi yanamtoka. "Shikamoo, mama. Ulikuja kwetu alipofariki bibi. Ulinishika mkono kutwa nzima. Hunikumbuki?"

Ida alimkumbuka. Na Bakili alikuwa ameshatoa kiti, kiti pekee cha nyumba ile chenye mto, akakiweka mbele, wote wengine wakiwa chini kwenye jamvi. Ida akakaa. Nyuso zote zikamgeukia, zikiwa na njaa ileile aliyoizoea. Akafungua kinywa aseme sentensi yake, na kilichotoka kilikuwa hotuba.

Ilikuwa nzuri kupita zote alizowahi kutoa. Alisema kwamba mto Ruvuma unaanzia hapo Matogoro, kijito ambacho mbuzi anakiruka, na kijito hicho hakijui kama kuna bahari, wala hakiulizi; kinatiririka tu, leo kidogo na kesho kidogo, kinapita gizani chini ya majani, na kinafika. Zena alilia. Kajetani alilia. Bakili alisema "Allahu Akbar" taratibu, akapangusa miwani. Walipomaliza kulia walimpigia makofi, wakasema tangu waanze hawajawahi kupata siku kama ile. Wakamsindikiza mpaka barabarani na chupa ya asali, maana Bakili alikuwa akinunua asali sokoni na kuweka akiba kwa ajili ya wanaouliza.

Ida alirudi nyumbani, akampa Mathias asali, akaenda kuutazama ukuta.

Jumamosi iliyofuata alikwenda tena na sentensi yake. Kiti kilikuwa kimeshawekwa. Ya tatu, Kajetani alisimama akasema kikundi kimeketi kikaazimia, kwa kauli moja, kumwomba Mama Leonce awe mlezi wao. Mtu mwenye akili timamu angesema hapana. Lakini Ida hakuwahi kufundishwa kumnyima mtu aliye na huzuni anachokiomba, na hapo palikuwa na watu saba wenye huzuni. Akakubali. Wakampigia makofi ya kilo.

Masika yote aliwalea. Na walinawiri! Zena alirudi kwenye meza yake ya mitumba. Kajetani alianza kuoga kila siku na kusalimia watu. Bakili alipata usingizi. Dorine alipowaona zahanati alisifu, akauliza, "Na yule mama mpya?" Wakamjibu kwa furaha, "Mama ndiye anayetushikilia!" Dorine akasikia alichotaka kusikia, kama sisi sote tukiwa na foleni ndefu mlangoni.

Ida aliwatazama kwa wivu usiosemeka. Hakuwaonea wivu kwa kupona kwao. Aliwaonea wivu kwa jinsi walivyojua kulia. Zena alipolia, mabega yake yalishuka mahali pake. Kajetani aliweza kusema mbele za watu, "Juzi sikuinuka, nilijikojolea nikiwa macho," na mbingu haikuanguka. Yeye kiti chenye mto kilikuwa kimemwinua sentimita chache tu kutoka kwenye jamvi, na umbali huo hakuweza kuushuka.

Huku nyumbani nyuki walikuwa wameongezeka. Mathias aliwaambia madereva wenzake kwamba mkewe ni kiongozi wa wafuga nyuki. Wifi aliagiza asali ya kutibu kikohozi. Mwisho Paroko mwenyewe alimsimamisha baada ya misa, akamshika mikono yote miwili, akasema parokia ingependa nta ya kina mama wake yenyewe kwa mishumaa ya Pasaka. Ida, aliyesimama mbele ya kanisa na uongo mkubwa kama mzinga, alisema, "Tutajitahidi, Baba."

Jumamosi iliyofuata hakuinuka.

Haikuwa kama siku nyingine za kutoinuka. Zile alikuwa anagombana na kitanda. Siku hii hapakuwa na ugomvi. Alilala akasikiliza Mathias akifagia uani, akifungulia kuku, akicheka na jirani wa ng'ambo ya ua, akawaza, kwa utulivu kabisa kama anayepanga safari, kwamba nyumba hii inakwenda vizuri tu na ingeendelea kwenda. Utulivu ule ndio uliomwogopesha. Alitaka kumwita Mathias. Sauti haikutoka.

Mathias aliingia, akamtazama, akasema presha imepanda. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutimiza wajibu, akapiga simu kwa Bakili kuwataarifu wafuga nyuki kwamba mlezi wao anaumwa leo.

Kabla ya alasiri walikuwa sebuleni: Bakili, Kajetani na Zena, wawakilishi wa kikundi, na mkungu wa ndizi. Zena alimwinua Ida, akamvika khanga, akamkalisha kwenye kochi. Mathias akaenda jikoni kuchemsha chai. Walikuwa wamekuja kumfariji mfariji, na walikuwa wamejiandaa.

Kajetani ndiye aliyeanza. Alisimama, akakohoa, akasema, "Mlezi wetu. Mto Ruvuma unaanzia hapo Matogoro…"

Ida alimsikiliza. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, neno kwa neno. Mwalimu alikuwa na kumbukumbu nzuri. Kijito, mbuzi, majani. Aliyasikia yakimjia na kumpita kama upepo unaompita mtu aliyekaa ndani ya gunia. Hayakuwa mabaya. Hayakufaa kitu. Akawaza juu ya watu wote aliowaambia maneno mazuri namna ile wakiwa wamekaa ndani ya magunia yao, wakamjibu "asante, mama" kwa adabu.

"…na kijito hicho hakijui kama kuna bahari…"

"Mwalimu," Ida akasema. "Niachie huo mto."

Kajetani akanyamaza, mkono ukiwa bado juu.

"Mimi sikuja kwenu kuwafariji," Ida akasema. Alizungumza akilitazama zulia. "Dorine alinituma kama alivyowatuma ninyi. Mimi ni mgonjwa. Naumwa mlichonacho, tangu zamani. Sina presha. Sijawahi kuwa na presha."

Jikoni sufuria iliguswa na kijiko, kisha kijiko kikakoma.

"Sasa, mama," Bakili akasema polepole, "mbona hukusema?"

"Mlinipa kiti."

Zena alicheka, cheko fupi lililomponyoka, akajifunika mdomo kwa aibu. Kisha Bakili akaanza naye, mabega yakitikisika, na kwa kitambo walicheka kama watu waliopotea njia na kugundua wamekuwa wakiizunguka nyumba yao wenyewe. Kajetani peke yake hakucheka. Alikaa chini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa.

"Kwa hiyo maneno yale," akasema, "hukuwa unayaamini?"

"Niliyaamini yote, mwalimu. Kwa ajili yenu."

Kajetani akalipima jibu hilo. "Mimi nilipona kwa maneno yale," akasema, kidogo kwa hasira.

"Basi yalikuwa ya kweli," Ida akasema. "Ila mimi hayanipati."

Bakili alikuwa ameacha kucheka. Alisogea akakaa karibu, akainama ili amtazame usoni, akauliza wazi, bila kupamba, kama mtu anayeuliza bei: "Binti yangu. Umefika pale pa kuona afadhali usiwepo?"

Katika misiba yake yote hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Ida hali yake. "Nimefika mlangoni," akasema. "Leo asubuhi. Sikuingia."

"Mimi niliwahi kuingia hatua mbili," Bakili akasema. "Alhamdulillahi, wakanivuta. Basi leo hulali peke yako, na kesho hukai peke yako, na Jumatatu asubuhi tunakwenda sote kwa Dorine. Sikuombi ruhusa."

Ndipo Ida akalia. Zena alimshika mkono, na hakujua kumshika vizuri. Alimbana vidole, pete ikamuumiza. Ida hakuuondoa.

Mathias alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Haikujulikana amesimama tangu lini, lakini chai ilikuwa imeshaota utando. Aliwatazama mmoja mmoja, akafungua kinywa, na kati ya yote aliyoyasikia alilopata kulisema ni hili:

"Kumbe hakuna nyuki?"

"Hakuna, ndugu yangu," Bakili akasema.

"Hata mzinga mmoja?"

"Hata mmoja."

Mathias akaweka sinia mezani kwa uangalifu mkubwa. "Paroko nimeshamwambia nta itakuja Jumatano," akasema, akatoka nje.

Wageni walipoondoka, akabaki Zena peke yake akiosha vikombe, Ida alimfuata mumewe uani. Alimkuta amekaa juu ya tofali, anawatazama kuku.

"Tangu lini?" Mathias akauliza.

"Tangu Leonce yuko darasa la pili."

Mathias alirudi nyuma kichwani, mwaka kwa mwaka, akafika. "Ule ndio mwaka tulioezeka nyumba," akasema. "Mahindi yalikubali. Mimi mwaka ule huwa nausimulia, Mama Leonce. Njiani, kwenye lori, watu wakinipa habari zao za shida, mimi nausimulia mwaka ule."

"Ulikuwa mwaka mzuri," Ida akasema. "Mimi ndiye sikuwepo."

Mathias akauliza kama dagaa walikuwa na maana yoyote. Ida akamwambia walikuwa na maana. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kama huo nao ulikuwa uongo.

Jumatatu walikwenda zahanati wakajaa chumba. Dorine aliwasikiliza, akajipiga paji la uso kwa kiganja, akamwomba Ida radhi mbele yao wote, jambo ambalo Ida hakujua la kulifanyia. Daktari alibadilisha dawa. Na Jumamosi kikundi kiliketi, kikamvua mlezi madaraka kwa kauli moja, kikampa cheo cha mwanachama. Kiti chenye mto kikarudishwa ndani.

Ida akagundua kwamba kuwa mgonjwa ni kazi ngumu, na kwamba hakuwa na kipaji nayo. Zamu yake ilipofika alisema, "Naitwa Ida…" halafu ulimi, ule ulimi uliowahi kuwainua wajane, ukalala. Akajaribu methali, wakamkatalia, maana walikuwa wameweka sheria kwamba mwanachama huyu haruhusiwi methali. Wiki kadhaa alichoweza kukisema ni, "Leo sina la kusema." Wakamjibu, "Haya," wakamwendea Kajetani, ambaye hakuwahi kukosa la kusema. Na Ida alikaa. Alishangaa kwamba kukaa kule, bila kufaa kwa lolote, katikati ya watu wasiomtarajia kitu, kulimpa pumzi kidogo ambayo vidonge peke yake havikuwa vimempa. Siku aliyosema hatimaye, alisema jambo dogo: kwamba mchana ule alisikia ladha ya chumvi. Zena akamwelewa. Mtu mwingine angemwambia apunguze chumvi.

Wakaweka pia utaratibu kwamba asiyeonekana Jumamosi, wawili wanamfuata, na hawaendi na hotuba. Kipupwe, baridi ya Songea ilipoingia mifupani, Ida alianguka tena, na Zena na Kajetani wakaja. Zena alimenya mihogo. Kajetani, aliyekatazwa kuhutubia, alifukuza kuku jikoni kwa hasira ya mtu aliyejaa maneno. Ida hakupata nafuu siku ile. Alikula muhogo, basi. Nafuu ilikuja baadaye, ya kiasi, kama kawaida yake, bila kutangaza itakaa kwa muda gani.

Jumuiya iliupokea ukweli kwa namna yake. Paroko aliposikia habari ya nyuki alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akamuuliza Ida, kwa sauti ya chini, kama kikundi kinapokea mapadre. Wanawake wa kamati ya faraja hawakucheka. Walisema mgonjwa hawezi kufariji wazima, wakamchagua mwingine, mwanamke shupavu ambaye hajawahi kuumwa hata jino. Katika msiba wa kwanza wa mwenyekiti mpya, mfiwa, mjane, alihubiriwa mpaka akaomba kwenda chooni asirudi. Ida alikuwa amekaa nyuma, kimya, anachambua mchele na wanawake wengine, na mjane yule alipotoka chooni alikuja akakaa karibu naye, akachukua ungo, akachambua naye. Hawakusemezana. Baadaye watu walisema Mama Leonce siku hizi amepungua.

Mathias ndiye aliyekuwa na shida ambayo hakuna aliyeitarajia. Sasa kwa kuwa alijua, hakujua afanye nini na ujuzi wenyewe. Alimchunguza mkewe kila asubuhi kama dereva anayesikiliza injini. Akicheka, alimuuliza kama ni cheko la kweli. Akinyamaza, alileta dagaa. Ida akachoka kuuguzwa kuliko alivyochoka kuumwa, akalipeleka suala kwenye jamvi, na ikaonekana kila mmoja ana mtu wa namna hiyo nyumbani. Mke wa Kajetani alikuwa anamficha kamba za mbuzi, na mbuzi walikuwa wanazurura mtaa mzima. Basi Bakili akapanga Jumamosi moja ya kila mwezi iwe ya wauguzaji: wagonjwa wakae nje na wauguzaji wapewe jamvi.

Mathias alisema hatakwenda, hana tatizo. Siku ilipofika alikwenda kumsindikiza mkewe tu, kwa sababu ya matope ya mvua ya jana. Akaingia kuaga. Mlango wa ua ukafungwa.

Wagonjwa walikaa barazani, Ida, Zena, Kajetani na wenzao, wakimenya karanga. Kwanza walisikia sauti ya mke wa Kajetani akieleza habari ya mbuzi. Kisha ikaja sauti nene waliyoizoea, ya mcheshi wa lori, ikisema haina la kusema. Ikasema hivyo kwa muda. Ikasimulia mwaka wa kuezeka nyumba, tangu misumari ya kwanza, na ilipofika katikati ikakatika, na wote barazani wakaacha kumenya.

"Analia," Zena akanong'ona.

"Mwache alie," Kajetani akasema kwa sauti ya mtu mwenye uzoefu. "Mara ya kwanza huwa ndefu."

Ida alisikiliza. Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumsikia mume wake akilia, naye alijua yote yanayopaswa kufanywa mtu akilia, aende wapi, ashike wapi, aseme nini. Akabaki amekaa. Bakili, aliyebaki kuwaongoza wauguzaji, alitoka ndani kuchukua maji, akawaambia kikao kitachelewa kidogo, watu wamekolea. Ida akasogea kumpisha apite, akachota karanga nyingine, akaendelea kumenya.